Tundu la Tangi la Mektilda

Apa kwanza hutamwambia mtu. Mimi nilimwapia rafiki yangu Mektilda, na haya, mdomo umenishinda.

Mwaka sabini na nne alinunua tangi kuukuu la kioo la kufugia samaki, ili wateja wa hoteli yake pale Ngokolo wajichagulie perege hai. Lilikuwa linavuja. Fundi Alois akakwangua gundi ya zamani, iliyonuka kama jino bovu, akapaka mpya, kisha akatoboa tundu la kutolea maji machafu, akaliziba kwa gunzi. Kioo hutobolewa kikiwa kimelowa. Yeye, kwa uvivu wa kwenda bombani, akakitemea mate ya ugoro. Ptuu!

Tangu siku hiyo perege wakawa wanapotea, na kwenye kona ya giza lilikokaa tangi kukasikika kutafuna.

"Mwizi ni wewe, Salvina!" Mektilda akamfokea mpishi wake mchana, hoteli imejaa, Alois naye anakula ugali. "Funga virago!"

"Mama Damian, naapa sijala hata mwiba!"

Nyam, nyam, nyam.

Wote wakageuka. Gunzi lilikuwa sakafuni, na maji hayakuvuja. Tundu lilikuwa limembana perege, likimvuta taratibu, mifupa ikilia. Mkia ulipokwisha likacheua, kisha likatema mate meusi ya ugoro miguuni pa Alois.