Ova ya Konokono

Kila siku baada ya shule, msichana aliyeitwa Konokono alikwenda moja kwa moja nyuma ya duka la dobi ambako mama yake alipiga pasi. Alivua viatu, akaweka mkoba juu ya ndoo iliyopinduliwa, kisha akatoa mfukoni mpira laini wa kriketi. Ukutani alikuwa amechora kwa mkaa vijiti vitatu vilivyosimama. Alirudi nyuma hatua chache, akakimbia kidogo, akazungusha mkono ulionyooka juu ya bega na kuurusha mpira. Ulidunda mara moja, ukagonga ukuta pembeni ya vijiti.

"Ukigusa shuka zangu leo, utazifua wewe pamoja na huo mpira wako!" mama alisema kutoka dirishani, mvuke wa pasi ukimfunika uso.

"Sigusi, mama."

"Jana ulisema hivyohivyo."

Konokono alicheka, akarusha tena. Jina hilo alipewa na wenzake wa timu kwa sababu mpira wake ulikwenda polepole. Radi, mvulana mwenye mkono wenye nguvu kuliko wote, alipenda kusema kwamba mpira wa Konokono ukiondoka asubuhi hufika jioni. Wote walicheka, na yeye alicheka nao. Lakini akiwa peke yake pale ukutani hakucheka. Alirusha mpaka bega likawaka moto.

Kaka yake ndiye aliyekuwa nahodha wa timu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mashindano ya watoto ya mwaka huu yalikuwa ya mwisho kwake. Mwakani angekuwa amezidi umri. Usiku alilala na gongo lake la kupigia kando ya godoro, na asubuhi jambo la kwanza kulizungumza lilikuwa fainali.

Ijumaa, Kocha aliwakusanya mbele ya karakana yake. Kocha alikuwa mwanamke mrefu, fundi wa baiskeli, mwenye vidole vyeusi kwa grisi.

"Hebu rudieni kanuni," alisema. "Hii ni kriketi ya watoto, si ya wakubwa. Anzeni."

"Kila mtoto atapiga!" walijibu. "Kila mtoto atarusha ova moja!"

"Ova ni nini?"

"Mipira sita!"

"Mpira ukigonga vijiti vyako, au ukidakwa kabla ya kugusa chini, ukatolewa?"

"Hutoki uwanjani. Timu inakatwa mikimbio mitano, yaani pointi tano, unaendelea kupiga."

"Mpira ukienda kombo, mpigaji asiweze kuufikia?"

"Wapinzani wanapata mikimbio miwili," Radi alijibu, kisha akamtupia jicho Konokono.

"Na ukidaka mpira huku umekanyaga kamba ya mpaka?"

"Hujadaka. Ni sita kwao."

Kocha aliridhika. Ndipo nahodha akanyoosha mkono. "Kocha, na mtoto akiumia kabla hajarusha ova yake?"

"Akiumia kweli, mwenzake atarusha kwa niaba yake. Mbona unauliza?"

"Nauliza tu, Kocha."

Jumamosi uwanja ulijaa. Wapinzani walikuwa shule ya ng'ambo ya reli. Mshindi angekwenda fainali, na atakayeshindwa angekwenda nyumbani. Timu ya Konokono ilianza kupiga, ikapata mikimbio sabini na minne. Haikuwa mibaya, lakini wapinzani walikuwa na msichana mmoja mrefu waliyemwita Twiga, naye alipiga mpira kama anapiga zulia lililojaa vumbi. Mpira wake wa kwanza tu uliruka juu ya kamba bila kugusa chini. Mwamuzi, mzee mwenye kofia pana, aliinua mikono yote miwili juu. Sita.

Ova zilikwenda moja baada ya nyingine. Radi alirusha, nahodha alirusha, wengine wakafuata. Konokono alisubiri aitwe, lakini kila mara nahodha alimpa mwingine mpira. Walipokwenda kunywa maji, zikiwa zimebaki ova mbili, kaka yake alimvuta pembeni nyuma ya pipa.

"Sikiliza," alisema kwa sauti ya chini. "Umebaki wewe na mlinda vijiti wetu. Yeye atarusha sasa. Wewe ukikimbilia mpira, jikwae. Useme mguu. Radi atarusha ova yako."

Konokono alidhani hakusikia vizuri. "Lakini sijaumia."

"Najua hujaumia! Ndiyo maana nasema useme."

"Kaka, nimefanya mazoezi. Sasa hivi napata vijiti. Si kila mara, lakini..."

"Ukutani! Ukuta haushiki gongo. Yule Twiga atakula ova yako nzima." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mwakani wewe utacheza, na mwaka unaofuata. Mimi sina mwakani. Nifanyie hili moja tu, mdogo wangu. Sitakuomba tena kitu."

Konokono alitazama maji kwenye kikombe chake.

Katika ova ya saba zamu ya kupiga ilimrudia Twiga, naye alipiga mpira kuelekea upande wake. Konokono alikimbia. Aliona kaka yake akimtazama kutoka katikati ya uwanja. Kabla hajajua ameamua nini, alikuwa chini kwenye nyasi, ameshika kifundo cha mguu.

"Mguu," alisema. Sauti ilitoka ndogo sana.

Mchezo ulisimama. Kocha alikuja mbio na mkoba wa dawa. Lakini kuna mtu aliyemtangulia. Mama alikuwa ameomba ruhusa dukani, na dakika ileile ndipo alipofika langoni, akamwona mwanawe chini. Alikatiza uwanja mzima kwa kishindo, aproni ikipepea, na kiatu kimoja kikabaki njiani bila yeye kujua.

"Mwanangu! Wapi? Hapa? Au hapa?" Alipiga magoti, akaubonyeza mguu kwa vidole vyake vikavu vyenye alama za kuungua. "Umevimba? Kocha, umevimba huu?"

"Sioni uvimbe, mama. Hebu tutulie," Kocha alijibu.

"Nitulie vipi? Mfupa ukipasuka hauonekani kwa macho! Niitieni gari. Nitamwambia bosi anikate siku yangu, haidhuru." Alivua kitambaa chake cha kichwani, akaanza kumfunga mguu.

Walimbeba mpaka kando ya kamba. Mchezo uliendelea, ova ya saba ikaisha. Wapinzani walikuwa na mikimbio sitini na minane. Walihitaji saba tu kushinda, na ilibaki ova moja.

Konokono alimwona nahodha akizungumza na mwamuzi. Mwamuzi alitikisa kichwa kukubali. Radi akapewa mpira. Alianza kupima hatua zake za kukimbilia, huku akiupangusa mpira kwenye suruali.

"Usilie," mama alisema. "Tutafika hospitali sasa hivi. Inauma sana?"

Konokono hakuwa amejua kwamba analia. Alitazama fundo la kitambaa kwenye mguu wake. Lilifungwa kwa uangalifu, kama mama anavyokunja mashati ya watu. Akatazama miguu ya mama. Mmoja ulikuwa na kiatu, mwingine ulikuwa mtupu na umechubuka.

Radi alifika alipotaka kuanzia. Aligeuka.

"Mama," Konokono alisema, "mguu hauumi."

"Unasemaje?"

"Hauumi. Haukuuma hata mwanzo."

Uso wa mama ulibadilika polepole, hofu ikitoka na kitu kingine kikiingia, na Konokono alitamani angepigwa kofi kuliko kutazamwa vile.

"Basi unamwambia nani, mimi au yule mwenye kofia?" mama aliuliza. "Mbona bado umekaa?"

Konokono alifungua kitambaa, akairuka kamba na kukimbia. "Mwamuzi! Asirushe! Tafadhali, asirushe!"

Radi alisimama katikati ya mbio. Uwanja wote ukageuka.

"Sijaumia," Konokono alisema, akihema. "Nilidanganya. Ova ni yangu."

Watoto wa ng'ambo ya reli walianza kuzomea. Mwamuzi aliinua kidole wakanyamaza.

"Nani alikutuma udanganye?"

Kaka yake alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka pale. Alikuwa anatazama ardhi.

"Niliyeanguka ni mimi," Konokono alijibu.

Mwamuzi alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama nahodha kwa muda mrefu zaidi. "Kwa bahati yako mpira haujarushwa," alisema mwishowe. "Chukua. Rusha ova yako."

Radi alimkabidhi mpira. Nahodha alipita karibu naye akielekea mbali kabisa, kwenye kamba. "Umetumaliza," alisema kwa meno yaliyobana.

Konokono alishika mpira. Ulikuwa na jasho la Radi. Mbele yake Twiga aligongagonga gongo chini, akitabasamu ndani ya kofia yake ngumu.

Mpira wa kwanza ulikwenda kombo kabisa. Mikimbio miwili. Wapinzani walishangilia, na mtu mmoja nje ya kamba akapiga kelele, "Mrudisheni mgonjwa hospitali!" Watu wakacheka.

Konokono alifumba macho. Aliukumbuka ukuta wa dobi, na vijiti vya mkaa. Akarusha wa pili. Mpira ulipanda, ukachelewa, ukachelewa tena. Twiga alizungusha gongo kwa nguvu zake zote mpira ukiwa bado hewani. Aliukosa, akazunguka na nusura aanguke.

"Hebu subiri kwanza, ndio unakuja!" Radi alipiga kelele, na safari hii alikuwa anawacheka wapinzani.

Wa tatu, Twiga alipata mkimbio mmoja, akabadilishana upande na mwenzake wa kupiga. Wa nne, mwenzake alipata mmoja, wakabadilishana tena. Wa tano ulipita karibu na vijiti kiasi kwamba mlinda vijiti, aliyesimama nyuma yavyo, alishika kichwa. Ukabaki mpira mmoja. Wapinzani walihitaji mikimbio mitatu.

Konokono alikimbia, akarusha.

Twiga safari hii alisubiri. Alisubiri kama mtu anayesubiri maji yachemke, kisha akapiga. Mpira ulipaa juu, juu sana, ukielekea kwenye kamba. Kuelekea kwa nahodha.

Alirudi nyuma, macho juu. Akarudi tena. Akaruka, akaudaka kwa mikono miwili, akatua.

Timu yake ililipuka. Radi alimrukia Konokono mgongoni. "Ametolewa! Tano zinakatwa! Fainali! Fainali!" Mwamuzi alikuwa mbali, jua likimpiga machoni. Alianza kuinua kidole kuonyesha kwamba Twiga ametolewa.

Lakini nahodha hakukimbia kuja kwao. Alibaki palepale, ameushika mpira, akitazama kisigino chake. Kisha akamtazama dada yake, mbali kule katikati, aliyebebeshwa Radi mgongoni. Akauweka mpira chini taratibu. Akatikisa kichwa, akainyoosha mikono yote miwili juu, kama mwamuzi anavyofanya.

"Anafanya nini?" Radi aliuliza.

"Sita," Konokono alisema. "Amekanyaga kamba."

Nahodha alitembea mpaka kwa mwamuzi. Alikuwa analia, na hakujificha. "Nilikanyaga," alisema. "Na yule hakudanganya kwa akili yake. Mimi ndiye niliyemtuma aanguke."

Mwamuzi alivua kofia yake pana, akamshika bega. Kisha akageuka na kuinua mikono miwili. Ng'ambo ya reli walishinda.

Baadaye timu ilikaa kwenye nyasi kumzunguka Kocha. Twiga alikuja kuwapa mikono. Alipofika kwa Konokono alisema, "Ule mpira wako unakera! Nani alikufundisha?"

"Ukuta," Konokono alijibu, na kwa mara ya kwanza siku ile wote walicheka, hata nahodha.

Kocha alingoja watulie.

"Nimewarudisha mara ngapi kwenye kanuni zile?" alisema. "Mlidhani ni za kukariri. Kila mtoto arushe ova yake: kanuni hiyo haikuwekwa ili tushinde. Iliwekwa ili asiwepo mtoto wa kufichwa. Wewe nahodha ulimficha mwenzako, ukamtia mama yenu hofu bure, na lau mngeshinda kwa njia ile mngeingia fainali mkiwa wezi. Lakini leo nyote wawili mmesema kweli wakati uongo ulikuwa rahisi zaidi. Wewe Konokono ulisema ukizomewa, na wewe nahodha ulisema ukishangiliwa. Kusema kweli huku unashangiliwa ni kugumu. Mshikilie hilo hata mkiwa wakubwa."

Nahodha alimgeukia dada yake. "Ova yako ilikuwa nzuri kuliko yangu," alisema. "Nisamehe."

"Na mimi je?" mama aliuliza. Alikuwa amesimama nyuma yao, mikono kiunoni, mguu mmoja ukiwa mtupu. "Mimi niliyepoteza kiatu kwa ajili ya mguu mzima ninaombwa radhi lini?"

Ndugu wawili walitazamana. Kisha wakainuka kwa pamoja, wakakimbilia uwanjani kukitafuta.