Walitaka Jina la Mwanaume Ndipo Ninyonyeshe

"Taja jina la huyo mwanaume, ndipo umnyonyeshe mtoto."

Aliyesema hivyo ni Sifuna. Mume wangu wa ndoa ya kanisani!

Jamani, someni hii polepole. Ni mwaka wa 1974, Kabiro, Kawangware, chumba kimoja cha mabati. Mimi Nafuna nimeketi sakafuni, maziwa yananichuruzika hadi tumboni. Mtoto wangu analia kwenye mapaja ya mama mkwe, anapewa maji ya sukari kwa kijiko.

Kosa langu? Kuugua.

Tangu nijifungue, usingizi ulinihama kabisa. Redio ya jirani yetu Mumbi ikisoma matangazo ya vifo, nasikia jina langu. Namwogesha mtoto, namfuta, namwogesha tena, kwa sababu naona panya wanatembea juu yake... panya ambao hawakuwepo.

Watu wa Sifuna walikuwa na jibu lao. Mwanamke akichanganyikiwa baada ya kuzaa, basi alitembea nje akiwa na mimba. Mpaka amtaje mwanaume, maziwa yake yanamuua mtoto.

Eti maziwa ya mama!

Wakamwita Nicanor kutoka Kibera aje anihoji. Huyu ni baba mdogo wa Sifuna, mzee wa kanisa. Akachinjiwa kuku. Hadi leo nikinusa mchuzi wa kuku nasikia kutapika. Alikuwa ananyonya mfupa, mafuta yanamshuka kidevuni, huku ananiuliza nililala na nani, wapi, na kama nilifurahia. Kisha analamba vidole. Sifuna anamwongezea ugali.

Kilio cha mtoto kikapungua, kikawa kama cha paka, halafu kikaisha.

Akili yangu ilikuwa imevurugika, lakini hilo nililielewa. Mtoto mwenye njaa akinyamaza, anakwisha.

Nikatambaa hadi kwa mama mkwe, Filister. Mwanamke mkali, tangu niolewe hajawahi kunichekea. Nikamshika miguu.

"Mama, nipe jina lolote nitalisema. Nipe tu mtoto."

Kijiko kikamponyoka.

"Mimi nilisema Wekulo," akajibu.

Nicanor akaacha kutafuna.

"Mama Sifuna, nyamaza."

"Nilipomzaa Sifuna niliugua hivi hivi, mkaninyima mtoto. Nikasema Wekulo kwa sababu ndiye aliyekuwa anapita njiani na ng'ombe wake. Hajawahi kunishika hata mkono. Na wewe ndiye uliyechoma nyumba yake."

Akaniwekea mtoto kifuani mwenyewe. Mtoto akavuta kidogo, akalegea, akavuta tena... Nililia nikalowesha kile kichwa chake kidogo.

Sasa mume wangu, baada ya kusikia yote hayo, unajua aliuliza nini?

"Kwa hivyo mama, mimi ni wa baba kweli?"

Hilo tu! Mtoto wake nusura afe mbele yake, mama yake amebeba uchungu huo miaka yote, na yeye anajiulizia yeye. Filister alimtazama kama kitu kilichomgandia kwenye kiatu.

Mumbi, yule wa redio, ndiye aliyejua hospitali yenye nesi wa akina mama kama mimi. Nesi aliniambia ni ugonjwa wa akili unaowapata wengine baada ya kuzaa, unatibika. Nikapewa dawa na usingizi ukarudi. Mtoto sikumwachisha ziwa, nililazwa naye, na mama mkwe akalala sakafuni kando ya kitanda chetu. Mimba iliyofuata, alinipeleka kwa nesi huyo mapema, tumbo halijaonekana.

Nilipopona, Filister alifunga safari kwenda nyumbani kijijini kumtafuta Wekulo amwombe msamaha. Akaambiwa alikufia ugenini, bila mke, akiitwa mzinzi. Nicanor yeye alizikwa na kwaya, na mapambio, na sifa tele. Nilikaa nyuma nikitema mate kwenye leso.

Ndugu zangu, ukiona mama aliyejifungua halali, anaongea peke yake, anaona visivyoonekana, usimtafutie mwanaume. Mpeleke hospitali, yeye na mtoto wake pamoja.

Wiki jana yule mtoto wa 1974 alinipigia simu. Binti yake amejifungua, hajalala, anasema ukuta unamwita.

"Mtoto yuko wapi?" nikauliza.

"Yuko naye, mama, ananyonya. Tuko njiani kwenda hospitali."

Nikakaa chini. Nikamlilia Wekulo.