Daftari la Kache na Unga wa Kijani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kache aliinjika uji jikoni, akafagia ua, kisha akaketi kando ya kitanda cha mamake na daftari mapajani.

"Umeamkaje, mama? Jana ulitapika mara ngapi?"

Mamake, Mbeyu, alijibu kwa sauti ndogo, naye Kache akaandika tarehe, chakula alichokula na vidonda vilivyokuwa mdomoni.

Kazi hiyo alipewa na muuguzi Nyaboke wa zahanati ya kijiji chao, Barani. Ulikuwa mwaka wa 1987, Kache akiwa darasa la saba, na mamake alikuwa na saratani ya titi. Kila baada ya wiki tatu alikwenda Mombasa kutiwa dawa mshipani. Dawa ile ilipigana na ugonjwa, lakini ilimwacha hoi. Nywele zilinyonyoka, na chakula hakikukaa tumboni. "Andika kila siku," Nyaboke alimwambia Kache, "ili daktari ajue hali yake akiwa nyumbani."

Baada ya safari ya kwanza, mjomba Gerishom, nduguye Mbeyu aliyekuwa mpishi hotelini, alileta kopo alilopewa na mgeni kutoka Ulaya. Ndani mlikuwa na unga wa kijani, wenye shombo kama ufuo maji yakipwa.

"Huu ni mwani mdogo usioonekana kwa macho," alieleza. "Umekaushwa ukasagwa. Mgeni wangu aniambia mgonjwa akiutumia hatapiki."

Kache alishika kopo lile kwa mikono miwili. Tangu safari ya pili, alikoroga kijiko kimoja katika uji wa mamake kila siku.

Jumamosi moja, baada ya safari ya tatu, Gerishom alirudi akiwa na furaha. Alikuwa amesikia kwamba Mbeyu ametapika siku mbili tu.

"Kesho baada ya ibada utasoma daftari lako mbele ya watu," alimwambia Kache. "Jirani yetu Jedida naye ameanza kutiwa dawa ile ya mshipani. Imemchosha. Asema unga huu ukifaa, atautumia wenyewe, hatarudi tena Mombasa kwa sindano."

Kache alifungua daftari. Safari ya kwanza, bila unga, mamake alitapika siku nne. Safari ya pili, pamoja na unga, alitapika siku nne vilevile. Safari ya tatu, siku mbili. Lakini juu ya ukurasa huo palikuwa na maneno aliyoyaandika mwenyewe: *Daktari amebadilisha vidonge vya kichefuchefu.*

"Mjomba, huenda ni vidonge."

"Basi soma ile safari ya tatu peke yake," Gerishom alisema kwa upole. "Huo si uongo, mwanangu."

Kache alimpenda mjomba wake, na yeye mwenyewe alitamani mno unga ule uwe dawa. Alimtazama mamake.

"Hata mimi natamani," Mbeyu alisema. "Lakini aliyeandika ni wewe. Soma ulichoandika."

Kesho yake baada ya ibada Kache alisimama mbele ya watu. Alisoma safari zote tatu, siku kwa siku, hata lile neno la vidonge. Alipomaliza, Jedida aliuliza, "Kwa hivyo unga haufai?"

"Sijui, shangazi," Kache alijibu. "Huenda unafaa, huenda haufai. Daftari langu halionyeshi. Ninalojua ni kwamba mama hakuacha sindano hata mara moja."

Gerishom aliinamisha kichwa, kisha akainuka. "Mtoto amesema kweli," alisema. "Mimi niliharakisha. Dada Jedida, Jumanne nitakupeleka Mombasa mwenyewe."

Naye alitimiza. Daktari alimpa Jedida vidonge kama vya Mbeyu, na kichefuchefu kikampungukia. Baada ya miezi mitatu wote wawili walimaliza dozi zao, na daktari akasema uvimbe wa Mbeyu umenywea sana.

Nyaboke alifika nyumbani kuwapongeza. Alisoma daftari lote, kisha akamgeukia Gerishom. "Mngetueleza habari za unga kabla ya kumpa mgonjwa. Hata kitu cha chakula chaweza kugongana na dawa."

Halafu akamshika Kache bega. "Mtu mmoja aliyepata nafuu hawezi kutuonyesha kilichomponya. Hilo latafutwa kwa wagonjwa wengi, tena kwa subira. Lakini wewe hukuficha yasiyokupendeza, wala hukuona haya kusema hujui. Mkweli wa namna hiyo huokoa watu."

Mbeyu alimvuta bintiye karibu, akamtazama Nyaboke, kisha Gerishom, kichwa juu, kama mtu aliyeshinda mashindano.