Mzigo wa Mgeni wa Tatu

Mwaka ulikuwa 1974, Jumanne ya tarehe 22 Oktoba. Mvua za kwanza zilikuwa zimechelewa. Joto la Tabora lilianza saa mbili asubuhi, na mawingu yalipita bila kudondosha hata tone. Asubuhi hiyo Sulemani Muhanna, mfanyabiashara wa Isevya, na mkewe Fakhria waliondoka kwa Landrova yao kwenda Dodoma, mji uliokuwa umetangazwa makao makuu mwaka mmoja nyuma. Nassibu, rafiki wa Sulemani aliyeketi naye dawati moja shuleni, alikuwa amehamishiwa huko kikazi, na mkewe Mwanahawa, baada ya miaka kumi na mmoja ya kungoja, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Arobaini ya mtoto ingekuwa Ijumaa ya tarehe mosi Novemba.

Walifuata njia ya misafara ya zamani: Igalula, Tura, kisha nyika ile ambayo wapagazi waliiita Mgunda Mkali. Saa sita kamili mchana walisimama kula. Vibanda vya kando ya barabara vilikuwa vitupu, kwa kuwa wenyewe walikwisha kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Sulemani alikuwa na tonge mkononi aliposikia kikohozi cha mtu anayepita nyuma yake. Naye, kama alivyofunzwa tangu utotoni, alisema bila kugeuza kichwa, "Karibu tule."

"Nimeshakaribia," sauti ikajibu.

Hilo silo jibu la mpita njia. Mpita njia husema "starehe," akaenda zake. Waligeuka wote wawili. Hapakuwa na mtu, wala nyayo mchangani isipokuwa zao. Palikuwa na harufu tu, ya ngozi mbichi na jasho la safari ndefu. Kisha Landrova ikabonyea nyuma, taratibu, kama gari linalopandwa na mtu aliyebeba kitu kizito.

Fakhria alinong'ona kwamba warudi. Sulemani akasema springi zimechoka. Walilala Manyoni, na hadi asubuhi springi hazikuinuka.

Kesho yake Nassibu aliwapokea mlangoni mwa nyumba ya serikali, akimtania rafiki yake kwamba gari limezeeka kuliko dereva, na dereva naye hana vipuri. Alichukua mkoba wa Fakhria, akachukua kopo la asali. Halafu, kama muungwana yeyote wa Tabora asiyeweza kumwacha mgeni asimame na mzigo kichwani, alinyoosha mikono yote miwili kuelekea nyuma ya gari.

"Na wewe mzee wangu, shikamoo. Lete nikupokee."

Mikono ikamshuka ghafla hadi magotini. Alipoitazama, ilikuwa mitupu. Alisema alikuwapo mzee pale, amejifunga kaniki, na Sulemani akamjibu kwamba wao wamekuja wawili tu. Walicheka, kwa kuwa hawakujua la kufanya jingine.

Mtoto alikuwa na siku thelathini na moja. Kuanzia hapo, kila ilipofika saa sita mchana, kishindo kilisikika chumbani kwake, kishindo kimoja cha mzigo unaotuliwa sakafuni, kikifuatwa na pumzi ndefu ya mtu aliyechoka. Mwanahawa alikuwa wa kwanza kusema, akimwambia Sulemani:

"Shemeji, mtoto huyu ananielemea."

Mizani ya kliniki ilisoma kilo nne siku ya Alhamisi, na tatu na nusu Jumatatu. Mikono ya mama ilisoma gunia. Mtoto alikonda na kuzidi uzito kwa pamoja, hata kamba za kitanda chake zikakatika, na kumnyonyesha ikabidi Mwanahawa alale sakafuni ubavuni pake.

Jumatano, Nassibu alimleta Mwalimu Mfaume, mzee wa kisomo. Alisoma, akafukiza ubani, akaweka sikio kifuani mwa mtoto kwa muda mrefu.

"Huyu hakuvamia," alisema. "Amekaribishwa chakula njiani, akapokelewa mzigo mlangoni. Mpagazi akishapokelewa, mzigo ni wa nyumba." Akamgeukia Sulemani. "Wewe uliyemkaribisha unaweza kuuomba. Sema 'nitwike' mara tatu. Ukiisema ya tatu, ni wako mpaka ufe, na sikuahidi siku nyingi."

"Usiseme," Fakhria alinong'ona, amemshika kanzu.

Saa sita ikafika. Sulemani alipiga magoti mbele ya mtoto akasema, "Nitwike," na harufu ya ngozi mbichi ikajaa chumba. Akasema tena, "Nitwike," na kitu kikaanza kumshukia utosini, pole pole, kikimkunja shingo na kumzamisha mabega, meno yakisagana, mbavu zikikaribiana hata pumzi ikakosa pa kupita, na papo hapo mtoto, aliyekuwa kimya siku tatu, akalia, na Mwanahawa akamwinua kwa mkono mmoja, mwepesi kama mtoto wa watu, akampa titi, akacheka huku machozi yakimtoka, na Nassibu akamtazama rafiki yake, akingoja ile ya tatu.

"Basi," Sulemani alisema. "Imetosha."

Kishindo kikasikika. Mwanahawa akaanguka pamoja na mwanawe.

Mtoto alifariki Alhamisi, siku yake ya thelathini na tisa. Maiti ya mtoto mchanga hubebwa na mtu mmoja mikononi. Huyu alibebwa na wanaume wanane, wakipokezana kila hatua ishirini. Sulemani aliposogea kushika, Nassibu alimzuia kwa kiganja. "Wewe pumzika, bwana," alimwambia. Hakuwahi kumwita bwana kabla ya siku hiyo.

Ijumaa, saa sita mchana, Fakhria alipokuwa akifunga mkoba wa safari, kishindo kilisikika tena, safari hii juu ya kitanda cha Mwanahawa, na sauti yake ikaita kwa upole kwamba hawezi kuinuka.

Kufikia mwezi Machi, ziara ile ilikuwa imegharimu watu watatu, nyumba nzima ya Nassibu.