Vidole Vilivyokunjwa

Kila Alhamisi jioni, ukipita nyuma ya nyumba ya akina Tyson katika kijiji cha Skelbeck, ulikuwa huwezi kukosa kuona viatu vya kukimbilia milimani vimepangwa mlangoni, vimeshindiliwa magazeti ya zamani ndani ili vikauke. Vya baba, vya mama, na vya Fern, binti yao wa miaka kumi na miwili. Mama yake alikuwa na sheria moja tu kuhusu mbio: tope libaki kijitoni. "Hapa ni jikoni, si zizini," alisema kila mara, na hata baba mtu, mchunga kondoo mwenye sauti ya kutikisa madirisha, alirudi kijitoni kimya kimya kusuuza miguu.

Vuli ile viatu vya Fern vilikuwa vimekwisha kabisa. Meno ya soli yalikuwa yamelika, na kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilichungulia nje. Na Mbio za Wawili za mlima Hollin zilikuwa zimebakiza wiki moja.

Mbio hizi si za kukimbia kivyako. Watoto wanakwenda wawili wawili, wana ramani na dira, na njia wanajichagulia wenyewe kutoka kituo hadi kituo. Katika kila kituo lazima wafike wote wawili. Mmoja akishindwa, wameshindwa wote.

Mwenzake Fern alikuwa jirani yake, Nell Birkett, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyesoma ramani vizuri kuliko mtoto yeyote wa klabu yao ya mbio za milimani. Mara mbili Nell alikuwa ameshika nafasi ya pili, na huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho katika kundi la watoto. Washindi walipewa kibamba cha jiwe la mlimani kilichochongwa majina yao. Nell alikwisha kuondoa saa ya bibi yake juu ya meko ili kupata pa kukiweka.

"Ukiniangusha, nakula chakula chako cha mchana mpaka Krismasi," alimwambia Fern.

"Hata maharage ya shuleni?"

"Hayo nakuachia. Mimi si mkatili hivyo."

Jumamosi Fern na mama yake walikwenda mjini, kwenye duka la Bi Airey. Bi Airey ndiye aliyewafundisha watoto wa klabu, na dukani kwake hakukuwa na mtu wa kununua viatu kwa haraka. Kulikuwa na ubao mrefu ulioinamishwa, na kila mteja alitakiwa kuushuka mbio kabla ya kuondoka.

Fern aliviona mara tu alipoingia. Vyekundu, vina mistari myeupe, vile vile walivyovaa wasichana wakubwa wa klabu walioshinda msimu uliopita. Ilibaki jozi moja tu, ndogo kidogo kuliko mguu wake. Pembeni vilikaa vingine vya saizi yake, rangi ya kinyesi cha kondoo.

"Hollin kuna nini?" Bi Airey aliuliza.

"Nyasi, tope, na mawe kule juu."

"Basi unataka meno marefu ya kushika tope, na soli laini isiyoteleza kwenye mwamba uliolowa. Jozi zote mbili zinafaa. Sasa tutazame mguu. Kupanda hakuna shida. Ukishuka, mguu unasukumwa mbele ndani ya kiatu, na vidole vikigonga, ndiyo basi tena."

Fern alivaa vyekundu. Bi Airey akapiga goti, akabonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba, akitafuta nafasi mbele ya vidole.

Hapo ndipo Fern alipofanya hila yake. Alivikunja vidole ndani ya kiatu, akavirudisha nyuma kama kobe anavyorudi ndani ya gamba lake. Kidole gumba cha Bi Airey kikakuta nafasi.

"Hm," alisema Bi Airey. "Haya, shuka ubao."

Fern alishuka akiegemea nyuma, hatua fupi fupi, akitabasamu.

"Una uhakika, mwanangu?" mama yake aliuliza.

"Vinanikaa kama soksi, Mama."

Jamani, jinsi uongo mdogo unavyotoka kwa urahisi! Njiani kurudi nyumbani Fern alilipakata boksi magotini. Baba yake alipoviona alicheka, akasema hivyo viatu kondoo wote wa Hollin wangejipanga kuviangalia.

Alhamisi walifanya mazoezi mafupi. Ukungu ulikuwa mzito, kwa hiyo Bi Airey aliwapandisha tu kwenye kilima cha nyuma ya ukumbi wa klabu na kuwarudisha kwa barabara ya lami. Nyumbani Fern alikuta lengelenge kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Alilibandika plasta, akajiambia viatu vitalegea.

"Viatu vipya vipi?" Nell alimuuliza kesho yake shuleni.

"Safi kabisa."

Asubuhi ya mashindano ilikuwa na rasharasha na upepo wa kukata masikio. Kama ilivyo desturi, kabla ya kuanza watoto wote walisimama kijitoni mpaka viatu vikajaa maji, ili baridi isiwashtue baadaye. Walipiga mayowe, wakarushiana maji, wakacheka. Fern hakucheka. Soksi zilizolowa zilivimba, na viatu vikamkaba zaidi.

Filimbi ikalia. Kupanda kulikwenda vizuri ajabu. Nell aliongoza kwa vijia vya kondoo ambavyo wengine hawakuviona, na walipogusa kituo cha kwanza walikuwa mbele ya kila mtu. Kisha ukaja mteremko wa kwanza.

Kila hatua vidole viligonga mbele. Fern alianza kukimbia upande upande, kisha akaanza kuvuta mguu. Nell aligeuka.

"Una nini?"

"Kichomi."

Nell hakuwa na sababu ya kutomwamini. Alipunguza mwendo, akampa maji, akachukua na mkoba wa Fern akauweka juu ya wake. "Pumua taratibu. Kichomi kinapita. Hata mimi hunishika." Wema huo ulimuuma Fern kuliko vidole. Alitaka kusema, lakini walikuwa bado wa kwanza.

Kituo cha pili kilikuwa juu kwenye mgongo wa mlima. Msimamizi aliwagongea muhuri, akawaambia jozi tatu zilikuwa zinapanda nyuma yao. Nell alipiga goti, akatandaza ramani pajani.

"Njia mbili," alisema, akihema. "Tukizunguka na ukuta wa mawe, ni nyasi tupu lakini mbali. Tukishuka hapa kwenye changarawe, tunafika chini kabla hawajatuona. Kichomi kimeisha?"

"Karibu."

"Basi changarawe. Fern, tunashinda! Wewe shuka kwa kasi tu, usifunge breki. Ukifunga breki pale unaanguka, na mawe yanamfuata aliye chini. Mimi natangulia."

Fern alichungulia ule mteremko wa mawe yaliyolegea, mkali, wa kijivu, unaong'aa kwa mvua. Alijua hangeweza kuacha kufunga breki. Na aliyekuwa anatangulia chini yake ni Nell.

"Nell, ngoja. Si kichomi."

"Ni nini?"

"Viatu. Vinanibana. Vilinibana tangu dukani. Nilikunja vidole Bi Airey alipopima." Machozi yalimtoka bila kuombwa. "Nilivitaka tu."

Nell alimtazama, kisha akatazama viatu, kisha akatazama ramani kana kwamba imemtukana.

"Tangu dukani," alisema. "Na mimi nachagua njia tangu asubuhi!" Aliitikisa ramani hewani. "Ramani ninayo mkononi, Fern, lakini miguu yako nitaisoma wapi? Ungeniambia chini kule, ningetupitisha kwenye nyasi tangu mwanzo. Tungeweza kushinda hata hivyo!"

Upepo ulipuliza. Sauti za wenzao zilikuwa zimeanza kusikika kutoka chini, ndani ya ukungu.

Nell alikunja ramani kwa hasira, akapiga goti, akafungua kamba za viatu vya Fern. Alizipitisha upya kwenye matundu ya juu kabisa, akazivuta kwa nguvu zote kwenye kifundo, ili mguu usisukumwe mbele.

"Hii itasaidia kidogo. Kidogo tu," alisema bila kumwangalia. "Twende ukutani. Na ukiumia, sema. Usinyamaze tena."

Walipofika ukutani waliziona jozi mbili zikiporomoka kwenye changarawe kama mbuzi. Baadaye ikawapita na ya tatu. Fern alisema alipoumia, mara nyingi, na kila aliposema Nell alipunguza mwendo au akatafuta nyasi laini zaidi. Walimaliza wa nne, wamekamilika wawili, na kibamba cha jiwe kikaenda kwa wengine.

Nell alivaa koti lake, akaenda kusimama peke yake karibu na meza ya chai.

Bi Airey alimkalisha Fern kwenye nyasi, akamvua viatu. Kucha mbili zilikuwa nyeusi. Fern alimweleza kila kitu, hata habari ya vidole, mbele ya mama yake. Mama alifumba macho, akashusha pumzi.

"Nilihisi kuna kitu pale kwenye ubao," Bi Airey alisema. "Nilipaswa kukupima tena, na hilo ni langu. Lakini sikiliza, Fern. Mimi nimebonyeza viatu miaka mingi, na bado siwezi kuingia ndani ya kiatu cha mtu. Nategemea anachoniambia. Nell naye alikutegemea hivyo hivyo. Wewe ulidhani unanidanganya mimi na kidole changu, kumbe uliyemharibia njia ni mwenzako." Alimfunga kidole bandeji taratibu. "Ila pale juu ulisema, na ulijua ukisema mnashindwa. Usingesema, mmoja wenu angeshuka kwenye machela. Hilo nalo ulikumbuke. Kucha zitaota. Kwa Nell utakwenda mwenyewe, sikutumii mtu."

Fern alikwenda peku. Aliomba msamaha bila kujitetea hata neno moja. Nell alikunywa chai yake mpaka mwisho.

"Bado nimekasirika," alisema.

"Najua."

"Nitakasirika mpaka wiki ijayo hivi."

Alhamisi iliyofuata, Fern aliviosha vile viatu vyekundu, akavipeleka ukumbini. Pale kwenye kona kulikuwa na sanduku la klabu, ambamo watoto huacha viatu vilivyowabana na kuchukua vya waliokua. Aliviweka juu, mahali ambapo mtoto mwenye mguu mdogo angeviona mapema. Kisha akachimbua ndani, akatoa jozi moja iliyochakaa, ya kahawia, yenye meno mazuri bado. Akavaa.

Nell alikuja, akapiga goti mbele yake. Akaweka kidole gumba kwenye ncha ya kiatu.

"Kunjua vidole."

"Nimevikunjua."

Nell hakubonyeza. Aliinua macho, akamtazama Fern usoni kwa muda mrefu. Fern hakuangalia pembeni.

"Haya," Nell alisema, akasimama na kumvuta mkono. "Twende."