Mgonjwa wa Waithaka

Wahu alikunja mkono, akaweka kiwiko juu ya godoro na kulikandamiza kwa uzito wake wote. Kiwiko kilizama mpaka kikagonga ubao. Akahamia godoro la pili, akafanya vivyo hivyo. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nne na mtaa wa Ngara ulikuwa umejaa. Watu wenye mabunda ya nguo mabegani walimkwepa mwanamke huyo mwembamba, kitambaa cha rangi ya machungwa kichwani, aliyekuwa akipigana na magodoro kando ya barabara.

Musembi, fundi wa kukata sponji, alimtazama kutoka ndani ya duka. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na sita, mwenye koti la kazi la buluu, vumbi la sponji limetanda kwenye nywele zake kama unga.

“Mama, watu hujaribu godoro kwa mgongo,” alisema. “Wewe umeleta kiwiko.”

“Kiwiko ndicho kinaumia.”

“Chako?”

“Cha mgonjwa wangu.”

Mzaha ukamtoka Musembi. Mama yake alilala kitandani miaka miwili huko Machakos kabla ya kufa, na mambo ya vidonda vya kulala aliyajua kuliko alivyotaka. Akauliza kama mgonjwa anaweza kujigeuza mwenyewe. Wahu akasema anaweza, lakini kwa taabu. Akauliza hulalia upande gani. Wa kushoto. Je, amekonda?

“Amekonda tangu azaliwe,” Wahu alisema, na hapo hakudanganya.

Musembi aligundisha sponji ngumu chini na laini juu, akashona kifuniko cha kitambaa kisichopitisha maji. Godoro lilikuwa kubwa kwa mtu mmoja kubeba, kwa hivyo akajitolea kulipeleka mwenyewe Jumapili baada ya kanisa. Wahu akampa nambari yake ya simu. Alikuwa nusu ya njia kurudi nyumbani alipokumbuka kwamba hakumwambia mgonjwa ni nani.

Musembi alifika Waithaka, nyumbani kwa Wahu, akiwa amevaa suti ya kijivu na shati lililopigwa pasi vizuri. Godoro lilikuwa begani, na mkononi alikuwa na mfuko wa machungwa, kwa kuwa mgonjwa haendewi mikono mitupu. Wahu alimfungulia mlango. Sebuleni, juu ya blanketi lililokunjwa, alilala mbwa mrefu wa kijivu mwenye miguu kama fito na uso uliojaa mvi. Alikuwa amevaa sweta la shule la kijani, lenye mistari miwili ya njano shingoni.

Wahu alingoja acheke. Wengine wote walikuwa wamecheka. Jirani yake Waringa kila siku aliuliza mbwa huyo yuko darasa la ngapi, na mbona ananyimwa ugali.

Musembi aliutazama mfuko wake. “Huyu hali machungwa?”

“Hali.”

“Basi tutakula sisi.”

Akapiga magoti na suti yake, akatandika godoro, akalikandamiza kwa kiwiko chake mwenyewe. Mbwa akainuka polepole, akazunguka mara mbili, akajiangusha juu ya lile godoro na kushusha pumzi ndefu. Wahu alikwenda jikoni kuchemsha chai, akasimama huko kwa muda akifuta macho.

Mbwa aliitwa Swara. Alikuwa wa mbio, wale wanaoitwa greyhound, na alikuwa wa familia moja ya wageni waliokaa Lavington. Kibe, mume wa Wahu, alikuwa akiwatunzia bustani. Walipohama nchi walimwachia Kibe mbwa, naye akamleta nyumbani. Miaka minne baadaye Kibe alianguka asubuhi moja kazini na hakuinuka tena. Hawakuwa wamepata watoto. Tangu hapo ilikuwa imepita miaka mitatu, na kila jioni, saa ambayo Kibe alizoea kurudi, Swara alikwenda kusimama langoni kwa dakika chache. Kisha alirudi ndani. Wahu hakuwahi kumwita wakati huo. Katika nyumba ile walikuwa wamebaki wawili tu waliomjua Kibe, na mmoja wao alikuwa na miaka kumi na moja, mgongo umemlegea na meno yameisha.

Kuanzia Jumatatu hiyo Musembi alipiga simu kila asubuhi kabla ya kufungua duka.

“Mgonjwa ameamkaje?”

“Ameamka vizuri. Na mwenye mgonjwa je? Mbona huulizi?”

“Huyo naogopa kuuliza. Anaweza kunijibu.”

Wahu alicheka peke yake, simu sikioni, na wanawake wenzake wa kufuma wakageuka kumtazama. Alikuwa na mashine ya kufuma masweta ya shule kwenye kibanda kimoja Dagoretti Corner, pamoja na rafiki yake Beryl. Beryl alisema sauti hiyo haikuwa ya kuagiza uzi.

Musembi alikuwa ameachana na mkewe miaka tisa iliyopita, na hakuwa na mtu wa kumpikia Jumapili. Sasa alikuja Waithaka, kila mara na kitu. Swara alikuwa akiteleza kwenye saruji kwa miguu ya nyuma, basi akaleta mikeka ya raba na kuitandaza kutoka sebuleni mpaka mlangoni. Mara nyingine alileta mkanda mpana alioushona kwa kitambaa cha makochi, wa kupitisha chini ya tumbo na kumsaidia mbwa apande kidato cha mlango. Alijifunza kumpa dawa ndani ya kipande cha maini. Alijifunza pia kwamba Wahu hunywa chai ikiwa imepoa kabisa, na kwamba akichoka husugua kidole gumba kilichokatwa na mashine zamani.

Jambo moja tu hakuligusa. Picha ya Kibe ilikuwa ukutani, na Musembi hakuwahi kulitaja jina lake. Wahu alidhani ni wivu. Ukweli ni kwamba Musembi aliona haya kuwa na furaha nyingi hivyo katika nyumba ya mtu mwingine.

Mwezi wa sita mguu wa mbele wa Swara ulivimba juu kidogo ya kifundo. Daktari Mbithe, mwanamke mpole aliyetibu mifugo na mbwa wa eneo zima, aliwapeleka mjini kupiga picha ya mfupa, kisha akamwonyesha Wahu mahali ulipoliwa. Ilikuwa saratani. Mbwa mwingine angekatwa mguu na kuishi, lakini Swara hangeweza kutembea kwa mitatu, maana ile ya nyuma ilikuwa dhaifu tayari. Kilichobaki ni vidonge vya maumivu, na kukumbuka kwamba mfupa ule ungeweza kuvunjika siku yoyote. Akamwonya asimpe dawa za watu hata akimwonea huruma vipi. Wahu akachagua vidonge, na hakuuliza swali lingine.

Wiki mbili baadaye daktari alikuja kumwangalia mbwa. Alipokuwa akifunga mkoba wake alisema, bila kuwaza lolote baya, kwamba yule bwana alikuwa amempigia kuuliza kuhusu sindano ya mwisho, ile ya kumpumzisha mbwa. Ilikuwa vizuri, alisema, kuwa na mtu wa kusaidia kufikiria.

Wahu alimsindikiza mpaka langoni, akamshukuru, kisha akapiga simu Ngara akiwa amesimama palepale.

“Ulimpigia daktari.”

“Nilimpigia.” Mashine za kushona zilisikika nyuma yake. “Wahu, mpenzi, ngoja nitoke nje nikueleze.”

“Ulimuuliza sindano.”

“Niliuliza, ndiyo, lakini—”

“Unamhesabia siku. Akitoka Swara, Kibe naye ametoka, si ndiyo? Halafu ubaki na nyumba yako safi.”

Hilo jina halikuwahi kutamkwa kati yao. Musembi alisimama kando ya barabara na koti lake la buluu, simu sikioni, na kila neno alilotafuta likakosekana. Wahu aliuchukua ukimya huo kuwa jibu, akakata.

Musembi alipiga tena mara nyingi, na simu haikushikwa. Siku moja alikwenda Dagoretti Corner mwenyewe. Beryl alimwambia Wahu ameenda kupeleka masweta shuleni, kumbe Wahu alikuwa amechuchumaa nyuma ya rundo la masweta hayohayo, amejiziba mdomo kwa mkono. Aliviona viatu vya Musembi chini ya meza. Vilikaa hapo muda mrefu, kisha vikaondoka.

Baridi ya mwezi wa saba ilikuja na ukungu ambao haukuondoka hata saa sita mchana. Wahu alimfumia Swara sweta la pili, zito zaidi. Alirudi mapema kutoka kazini, akampashia mchuzi, akamlisha kwa mkono, akaketi naye sakafuni. Hakukuwa na mtu wa kuambiwa kwamba leo amekula, au kwamba leo amekataa. Jumapili alipakua sahani mbili kwa mazoea, akarudisha moja kwenye sufuria. Swara alikuwa bado akijikokota kwenda langoni jioni. Lakini sasa alikwenda pia Jumapili baada ya kanisa, na Wahu alijua huyo aliyengojewa saa hiyo hakuwa Kibe. Aligeuza uso asione.

Jumamosi moja asubuhi lango la Waringa lilifunguliwa kwa kishindo. Swara alisahau umri wake, akasimama kwa haraka ya zamani, na mfupa ukavunjika. Ulilia kidogo tu, kama kijiti. Hakubweka. Alibaki amesimama kwa miguu mitatu akimtazama Wahu, akitetemeka, kana kwamba ni yeye aliyefanya kosa.

Wahu alimlaza, akampigia daktari, akaambiwa atafika baada ya saa moja. Kisha akaishika simu mikononi. Hatimaye akabonyeza jina lingine.

“Mgonjwa ameamkaje?” Musembi aliuliza, kama vile hakuna wiki tano zilizopita.

Wahu alijaribu kusema. “Njoo,” ndilo lililotoka.

Alifika kwa bodaboda, na koti la kazi, kabla ya daktari. Aliketi sakafuni upande wa pili wa mbwa. Swara akainua mkia mara moja, akaushusha.

“Mama yangu alikufa kwenye gari,” Musembi alisema. “Tulikuwa tunambeba kumpeleka hospitali. Njia nzima alikuwa anaomba arudishwe kwa kitanda chake, na sisi tunamwambia anyamaze, tunakaribia.” Alikuwa akizungumza na mguu wa mbwa, si na Wahu. “Nilimuuliza daktari kama anaweza kuja hapa nyumbani. Hilo tu. Sikuuliza lini. Lini ni yako.”

Wahu alipitisha mkono juu ya mgongo wa Swara, akaushika wa Musembi.

Daktari Mbithe alipokuja alieleza kila hatua kwa sauti ya chini: kwanza dawa ya usingizi, kidogo tu, kwa kuwa mbwa hawa hawana mafuta mwilini na dawa huwashika upesi. Kisha ile nyingine. Akamtazama Wahu na kungoja. Wahu aliinama, akasema kitu kwenye sikio la mbwa, kirefu kidogo. Ndipo akaitikia kwa kichwa. Swara alilala kama alivyolala siku zote, upande wa kushoto, akashusha pumzi, na haikurudi.

Musembi alichimba nyuma ya nyumba, karibu na sukuma wiki, shati limelowa jasho katika baridi ile. Walipomaliza waliketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Waringa alichungulia juu ya ua, akaona, akatoa pole bila mzaha, akaingia ndani.

“Sasa hapa hakuna mwingine aliyemjua Kibe,” Wahu alisema. “Nimebaki mimi tu.”

Musembi alipangusa udongo viganjani.

“Mimi sikuwahi kuuliza,” alisema. “Nilikuwa naona haya. Niambie alikuwa mtu wa aina gani.”

Wahu aliangalia ardhi iliyochimbwa. Kwa miaka mitatu watu walikuwa wamemwambia asahau, amshukuru Mungu, asonge mbele. Hilo swali hakuwahi kuulizwa, na hakujua jibu lianzie wapi.

“Alikuwa anaogopa mbwa,” alisema.

“Kibe?”

“Sana. Siku ya kwanza wale wageni walipomfungulia Swara, alipanda juu ya tangi la maji. Alikaa huko mpaka saa sita, na mpira wa kumwagilia mkononi, maji yanamwagika tu.”

Musembi aliuma mdomo ili asicheke, akashindwa. Wahu akacheka naye, kisha akalia, kisha akapangusa uso kwa pindo la sweta na kuendelea, kwa sababu hata siku hiyo ya kwanza alikuwa hajaifikisha nusu.