Mtu Asiye na Upande

Jumatatu moja ya mwezi wa saba, saa kumi na moja na nusu jioni, Mukhwana alifungua kufuli la nyumba yake pale Langas, Eldoret, akamkuta mtu wa mbao ameshuka hadi mtoni.

Asubuhi alimwacha juu ya kilima cha mchezo, upande wa mbali wa meza, karibu na dirisha. Alikumbuka vizuri kwa sababu alimnyanyua, akapangusa vumbi, akamrudisha palepale. Sasa yule mtu, mrefu kama kidole, alikuwa amesimama chini ya miti ya sponji kando ya mto. Mlango ulikuwa umefungwa. Dirisha lilikuwa na vyuma. Na panya akibeba kitu, hakisimamishi wima.

Mukhwana alijiambia amesahau. Akasonga ugali, akala amesimama, akalala.

Alikuwa karani katika ghala moja la mahindi, mtu wa kutoka pande za Webuye, umri wa miaka arobaini na mitatu. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita kabla hawajajaliwa mtoto. Kilichokuwa kimemshikilia tangu hapo ni Jumamosi. Kila Jumamosi baada ya kazi, watu wanne walikutana katika chumba cha nyuma cha saiba ya Njenga, duka lake la intaneti, wakacheza vita.

Walichezea juu ya ubao wa futi nane kwa nne. Vilima walivikata kwenye stairofomu nyeupe ya kufungia friji, mto ni rangi ya buluu iliyopakwa vanishi, nyumba ni za kadibodi. Walikuwa na vifaru vya plastiki vidogo kama kiberiti, mizinga, malori, na droni mbili zilizosimamishwa juu ya waya ili zionekane zinaelea. Walipima mwendo kwa tepu, wakatupa dadu kuamua nani amepigwa na nani amepona. Njenga alijua kwa kichwa mzinga gani unafika kilomita ngapi. Gideon, mwalimu wa jiografia, alishikilia kwamba zama za kifaru zimekwisha, kwamba droni ya bei ya pikipiki inakichoma kutoka juu kama karatasi, na wangebishana juu ya hilo mpaka chai ipoe. Walitazama video za vita vya mbali kwenye simu, wakasimamisha picha, wakahesabu magurudumu, wakataja jina la chombo kabla moshi haujatua. Hakuna hata mmoja wao watatu aliyewahi kusikia mlio wa mzinga.

Wa nne, Mzee Kipyego wa Soy, ndiye aliyekuwa na la kusema, na hakusema. Walijua tu kwamba alifanya kazi miaka mitatu ng'ambo ya mpaka, na kampuni fulani ya kigeni ya ulinzi. Alicheza kuwashinda wote. Droni yake haikukosea. Siku moja alitoa mfukoni mtu wa mbao aliyemchonga mwenyewe, hana bunduki, ana fimbo tu amelaza mabegani, akamsimamisha kilimani. Gideon akamuuliza huyo ni wa upande gani.

"Hana upande," Mzee Kipyego alisema.

Wakacheka, mchezo ukaendelea.

Mwezi wa tano, mchana wa Jumamosi, zamu ikiwa yake, Mzee Kipyego alishika dadu asizitupe. Alikuwa anaangalia ukingo wa meza, mbele ya kifua chake. Mtu wa mbao alikuwa pale. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye amemsogeza.

"Amefika," Mzee alisema polepole, kisha akaanguka na kiti chake. Daktari alisema ni moyo.

Baada ya mazishi kikundi kilikufa pia. Njenga alikodisha kile chumba kwa kinyozi. Gideon alipewa uhamisho kwenda Ainabkoi. Hakuna aliyeitaka meza, basi Mukhwana akatafuta mkokoteni, akaileta nyumbani na vitu vyake vyote. Ilijaza chumba hata ikabidi apite kwa ubavu kufika kitandani. Akawa anacheza peke yake, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto, na kila mara alijua mwenzake anafikiria nini.

Ndiyo maana Jumanne, siku ya pili baada ya kumkuta mtoni, kabla ya kwenda kazini, alisogeza droni mpaka juu ya mto. Alifanya kama mzaha. Jioni alimkuta mtu wa mbao amehamia chini ya daraja.

Mukhwana alicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza ndani ya nyumba ile kwa muda mrefu, na kilimshtua kuliko lile daraja. Baadaye, alipokuwa akimsimulia Mama Kavetsa, mwombezi wa pale mtaani, jambo hili ndilo lililompa aibu: kwamba hakuogopa. Alifurahi. Wiki nzima alikuwa anaharakisha kurudi nyumbani. Asubuhi alipeleka droni mahali, jioni alikuta amejibiwa. Akaanza kumwongelesha yule mtu huku akimenya vitunguu, akimwambia habari za ghalani, za wadudu walioingia kwenye magunia na madereva wanaopigania foleni. Usiku mmoja alijikuta amepima unga wa watu wawili.

Wiki ya pili aliona kitu ambacho Njenga au Gideon angekiona siku ya kwanza. Yule mtu hakuwa akicheza. Alipita tu pale droni isipoweza kumwona, chini ya miti, chini ya daraja, chini ya mapaa ya kadibodi, na kila hatua yake ilielekea upande mmoja. Ilielekea kwenye kiti cha Mukhwana.

Kisha ikaja harufu. Julai ya Eldoret ni mvua na ukungu, shati hukaa siku tatu kwenye kamba lisikauke, lakini ndani ya chumba kulinuka vumbi la nchi kavu, moshi wa kuni na mbuzi. Odera wa mlango wa pili alimsimamisha pale bombani akamuuliza kama amefuga mbuzi ndani, maana landilodi akijua watafukuzwa wote. Baada ya harufu ikaja sauti. Ilianza chini sana, kama nyuki aliyefungiwa kwenye mkebe, na ilitoka juu ya mabati, si kwa jirani na si barabarani, ikawa haikatiki, iko wakati anaoga na iko wakati anavaa viatu, mpaka akawa anaichukua kichwani kwenda nayo kazini na kuandika nayo uzito wa magunia.

Jumapili alisafiri kwenda Soy, kwa Linet, mjane wa Mzee Kipyego. Linet alimkaribisha kwa mursik, maziwa mala ya kibuyuni, akawatoa watoto wote watatu nje, akafunga mlango ndipo akaketi. Alizungumza kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mgonjwa chumba cha pili.

Alisema mumewe hakubeba bunduki huko. Alikaa ndani ya kontena, akiangalia skrini ya droni. Siku nne mfululizo alimwona mtu mmoja na mbuzi wake, akipita njia ileile, na kitu kirefu mabegani. Siku ya nne wakubwa wake walimuuliza kile ni nini. Akasema ni bunduki. Wakampiga kwa kombora. Vumbi lilipotulia, ile kamera ilimwonyesha fimbo.

"Alirudi nyumbani na yule mtu," Linet alisema. "Tulikuwa tunasikia kitu kikilia juu ya zizi, mchana kweupe. Watoto walikataa kabisa kutoka nje. Mzee aliniambia, 'Anataka tu kuniona. Mimi nilimwona siku nne, yeye hakuniona hata mara moja.' Akamchongea kile kimtu kiwe mahali pake pa kukaa, akakitoa hapa."

Mukhwana akamuuliza kwa nini yeye Linet hakuwaonya.

"Tangu kitoke, watoto wanacheza nje," Linet alisema. Alikuwa analia bila kujifuta. "Tafadhali usikirudishe."

Mama Kavetsa alikuwa Mmaragoli, muuza mboga pale Langas, na siku za ibada alivaa kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu na kupiga ngoma katika kanisa lao la Roho. Watu walimwita kwa nyumba zilizosumbuliwa. Alikuja Alhamisi, saa saba mchana. Alivua viatu mlangoni, akasimama kwanza, akinusa. Kisha akaingia, akaizunguka meza kwa ubavu, akamtazama mtu wa mbao, ambaye sasa alikuwa chini ya paa la kadibodi la mwisho. Kati yake na ukingo hakukuwa na mti wala nyumba.

Alisema hilo si jini la kununuliwa wala la kutumwa. Ni mtu aliyekufa akikimbia, na bado anakimbia.

"Naweza kumfukuza," alisema. "Nikipiga hii ngoma atatoka leo. Lakini atarudi kwa njia aliyokuja nayo."

"Soy," Mukhwana alisema.

"Kwa wale watoto. Ama umwache afike. Anatafuta uso wa yule aliyemwangalia. Huyo mwingine alikufa kabla hajampa."

"Mimi sikumwangalia, Mama."

Mama Kavetsa aliinua macho kwenye droni iliyosimama juu ya waya wake. "Ni nani anairusha sasa?"

Mukhwana akamuuliza kama atakufa. Mama Kavetsa alimjibu kwamba Kipyego alikuwa na hatia, na hatia ni mlango mpana. Yeye Mukhwana ana upweke tu. Zaidi ya hapo hajui, na hawezi kumdanganya.

"Linet ako na watatu," Mukhwana alisema. "Mimi nisiporudi nyumbani hakuna mwenye atauliza."

Jumamosi, saa nane mchana, aliketi kwenye kiti chake. Mama Kavetsa alibaki nje barazani na ngoma yake, akiipiga taratibu, akiimba kwa Kimaragoli, ili Mukhwana ajue upande wa mlango uko wapi. Mukhwana aliing'oa droni kwenye waya, akailaza ubavu. Akaweka mikono yake mitupu juu ya meza.

Mvua ikaanza, kisha mvua ya mawe, na mabati yakalia hata ngoma ikazama, na chini ya kishindo hicho ile sauti ya nyuki haikuzama bali ilizidi kushuka, ikapita mabati, ikapita dari, ikatua juu ya utosi wake. Harufu ya vumbi ikamjaa kooni. Alikuwa amekaza macho kwa mtu wa mbao na hakumwona akisogea, lakini kila alipopepesa macho mtu alikuwa karibu zaidi, peupe, bila kujificha, fimbo mabegani, na alipopepesa mara ya nne pale mezani hapakuwa na kitu, na kiti cha upande wa pili, ambacho hakuna aliyekikalia tangu Njenga afunge kile chumba, kikalia kama kinavyolia kikikaliwa na mtu mzima.

Ndipo akajiona kutoka juu. Aliona paa la ploti yao ya nyumba za kupanga, rangi ya majivu yote, kisha paa likawa si kitu, na ndani yake akaona kichwa kidogo cha mtu aliyeketi mbele ya meza, hana uso, hana jina, hana Webuye wala mke aliyemzika, doa tu lenye joto kati ya madoa mengine, na mistari miwili myembamba ikaja ikakutana juu ya kile kichwa na kutulia, na alijua ni chake, na alitaka kusema mimi ni karani, nina kalamu tu mfukoni, na alijua huko juu hakuna anayesikia, na kwamba hata akikimbia mpaka mwisho wa dunia ataonekana akikimbia.

Mkono ukamgusa. Ulikuwa mkavu, wenye joto, wenye vumbi. Ukapita kwenye paji la uso, kwenye macho, kwenye pua, ukashuka polepole kwenye midomo na kidevu, kama kipofu anayejifunza mtu. Ukakaa hapo kidogo. Kisha mtu akavuta pumzi mbele yake, pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo, na kiti kikalia tena.

Mama Kavetsa alipoingia, mvua ilikuwa imekatika na Mukhwana alikuwa analia kama mtoto. Mtu wa mbao hakuwa mezani wala sakafuni. Walimtafuta hadi chini ya kitanda. Harufu ilikuwa imekwisha. Mama Kavetsa alimwekea chai, akakaa naye mpaka jioni, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Meza waliivunja wiki hiyo. Linet alipiga simu kusema wako salama, hawajasikia kitu, watoto wako shuleni. Chumba kikawa kikubwa, kikawa kimya, na siku za kwanza Mukhwana alipika kwa kipimo cha mtu mmoja huku akihisi amemfukuza mgeni.

Mwezi wa kumi, mvua ikiwa imeondoka na magari ya mahindi yamejipanga toka getini, Njenga alikuja kumtembelea kazini. Alikuwa amepata chumba kingine, alikuwa amenunua ramani mpya, na Gideon alikuwa amekubali kuwa akija mwisho wa mwezi. Alisema waende kwanza wakale mandondo, yale maharagwe, kwa kibanda kilicho ng'ambo ya uwanja wa ghala. Mukhwana alifurahi kumwona, na alimwambia hivyo. Njenga akashuka ngazi, akatembea hatua kumi juani, akageuka akaona yuko peke yake.

"Si ukam?" alimwita.

"Tangulia tu," Mukhwana alisema. "Nakuja."

Wapakiaji hawakushangaa, walikuwa wamezoea kumwona akikataa kutoka kukiwa kweupe. Anga lilikuwa la buluu kutoka ukingo hadi ukingo, na juu kabisa, ambapo Njenga hakusikia chochote, kitu kilikuwa kikilia. Mukhwana alirudi nyuma hatua moja mpaka mgongo ukagusa ukuta. Akasimama pale chini ya mabati, akingoja wingu la kumficha.